Mwenye Nyumba na Notisi ya Porbandar

Miaka yote niliyopanga chumba cha juu katika nyumba yake pale Kenton, London, mwenye nyumba wangu hakupanda ngazi hata mara moja bila ya kupiga hodi kutoka chini. Nyumba ilikuwa yake, ngazi zake, na zulia lililochakaa juu ya ngazi lilikuwa lake pia. Lakini alisimama pale chini, mkono mmoja ukutani, akaita kwa sauti ile ya wanawake wa Mjini: "Hodi huko juu!" Nisipoitikia, alirudi jikoni kwake. Kama bomba la juu lilikuwa linavuja, basi na livuje mpaka nirudi kutoka kazini.

Wapangaji wengine walimcheka. Mie sikumcheka. Sote wawili tulitoka Unguja, yeye Mhindi wa Mji Mkongwe na mimi binti wa Ng'ambo, na sote tuliondoka baada ya Mapinduzi, kila mmoja kwa njia yake. Habari ya siku waliyotolewa nyumbani alinisimulia mara moja tu, tukichambua mchele. Watu waliingia mpaka ukumbini, wakamwambia mumewe kwamba nyumba ina wenyewe wengine sasa, na watoke kabla ya adhuhuri. Chungu kilikuwa bado kinachemka jikoni.

"Hata paka," alisema, "ukitaka kumtoa jikoni, unamwambia shii kwanza."

Kisha akaendelea kuchambua mchele, na sikumsikia tena akiitaja siku ile.

Alikuwa mwanamke mfupi, mjane, sari zake zote nyeupe na juu yake sweta la mwanamume la rangi ya kahawia. Alikuwa mbahili wa taa. Ukitoka chooni hujafika chumbani, taa imeshazimwa. Maji ya moto aliyagawa kama dawa. Akiona mpangaji ameacha dirisha wazi wakati hita inawaka, alimwita chini na kumsomea somo refu, Kiswahili chote, hata kama mpangaji mwenyewe ni kijana wa Kiirish asiyejua neno. Ajabu ni kwamba kijana yule alikuwa akielewa na kwenda kufunga dirisha.

Lakini kumtoa mtu hakuweza. Alikuwapo Mpemba mmoja katika chumba cha nyuma aliyeachishwa kazi kwenye mabasi, akakaa majira yote ya baridi bila ya kulipa kitu. Kila siku mwenye nyumba alimpigia kelele, lakini kelele zenyewe zilikuwa za vikombe: hukuosha kikombe, umeacha majani ya chai kwenye sinki. Habari ya kodi hakuigusa. Siku moja nilimuuliza kwa nini hamwambii wazi.

"Nikimwambia wazi, itabidi atoke," alinijibu. "Na akitoka aende wapi na baridi hii?"

"Basi mwache bila ya kelele, Bibi."

"Aaa! Kelele ni haki yangu."

Msemo wake mmoja ulikuwa huu: mpangaji ni mgeni asiyesema ataondoka lini. Aliusema kwa uchovu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa nyumbani kwao. Mara nyingi hakuwa akitukusudia sisi wa Kenton. Alikuwa akimkusudia fundi cherehani wa Porbandar.

Baada ya kutoka Unguja, yeye na mumewe walikimbilia kwanza India, katika nyumba ya ukoo wa mume kwenye mji ule wa pwani ya Gujarat. Vyumba viwili, ua wenye kisima, na baraza nyembamba inayotazama njia. Walikaa pale kidogo tu. Mume akaitwa London na ndugu zake, na walipoondoka wakampangisha fundi mmoja mwenye mke na watoto, mwezi kwa mwezi, kwa maneno ya mdomo, mpaka watakaporudi. Mume hakurudi, alifia hapa hapa, hospitali. Fundi akabaki, watoto wake wakakua humo, mkewe akafia humo.

Na mwenye nyumba wangu akaanza kuitaka nyumba yake.

Kwa nini aliitaka, wanawe hawakupata kuelewa. Mkubwa, mhasibu, alimwambia mbele yangu, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba nyumba ile ni mawe na nge, iuzwe kwa fundi yule yule mambo yaishe. Mama alimjibu kwa Kiswahili. Ndivyo walivyozungumza watu hawa, kila mmoja katika lugha yake, na mara nyingi nadhani kila mmoja alisikia nusu tu.

Mie aliniambia siku nyingine, akikuna nazi. "Ya Unguja ilichukuliwa. Hii ya hapa, hati zake ziko kwa mwanangu na benki. Nataka pahala pamoja, kabla sijafa, ambapo hapana mtu wa kunambia toka."

Wakili wa Porbandar aliandika barua zake kwa Kiingereza. Alijua vizuri kwamba mteja wake anasoma Kigujarati na Kiingereza chake ni cha dukani, lakini nadhani alipenda kujisoma. Mwana mhasibu hakuwa na wakati, kwa hiyo barua zikawa zangu. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya hospitali, miguu imevimba, namkuta mlangoni kwake na bahasha na kikombe cha chai ya maziwa na iliki. Nilisoma, nikamfasiria. Hivyo ndivyo nilivyojifunza sheria ya nyumba ya nchi ambayo sijawahi kuitia mguu.

Sheria yenyewe, kama nilivyoifahamu, si ngumu kuisema. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi hutolewa kwa notisi ya maandishi, iliyotiwa sahihi, ya siku zisizopungua kumi na tano. Na notisi hiyo lazima imalizike pale mwezi wa upangaji unapomalizika, si kabla wala si baada. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Notisi ya kwanza wakili aliiandika imalizike tarehe ya mwisho ya mwezi, kama kalenda inavyosema. Lakini fundi aliingia nyumba ile katikati ya mwezi, na mwezi wake ulikuwa ukihesabiwa kutoka hapo. Kesi ikaanguka. Wakili aliandika barua ndefu iliyojaa masikitiko, na kosa akalitia kwenye kumbukumbu za marehemu mume.

Mwenye nyumba wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani amefukuzwa siku isiyokuwa yake," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Basi hakimu amefanya vizuri."

Nilidhani anafanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha. Hilo ndilo jambo lililonichosha kwake na lililonifanya nimpende: alitaka nyumba, na alitaka pia mtu anayetolewa aambiwe sawasawa, kwa wakati wake, na wala hakuona kwamba mambo haya mawili yanapigana.

Mara ya pili alikwenda mwenyewe. Aliona njia fupi ni kumkabidhi fundi notisi mkononi, maana sheria inaruhusu. Alifunga safari na sanduku la zawadi za watu wa mtaa, karatasi ameikunja ndani ya mkoba pamoja na dawa zake za presha. Aliporudi nilimkuta jikoni amevaa blauzi mpya, imeshonwa vizuri ajabu, mikono imekaa sawa kama ngozi yake.

"Umempa?" nikamuuliza.

Alifungua mkoba akaniwekea karatasi mezani. Ilikuwa imelowa pembeni kwa mafuta ya nywele.

"Nimefika," alisema, "amesimama mlangoni. Kaniinamia, kanishika miguu kama mama yake. Karibu ndani. Ndani ya nyumba yangu, ananikaribisha! Chai imekuja. Mkewe wakati ule alikuwa hai, mgonjwa, amelala pale ukumbini penye ubaridi. Akaniomba msamaha kwa kutoinuka. Haya, nambie wewe. Mtu ameomba msamaha kwa kutoinuka, nimpe karatasi ya kumwambia ainuke?"

"Na blauzi?"

"Alisema niliyoivaa inanibana kwapani. Usiku ule ule akashona."

Basi mwaka ukapita, na mwingine. Mgonjwa wa pale ukumbini akafa. Wakili akaandika kwamba sasa wakati ni mzuri, neno ambalo nilisita kulifasiri. Akatuma notisi kwa posta ya rejista. Fundi akakataa kuipokea na bahasha ikarudi na maneno ya mtu wa posta kwamba imekataliwa. Wakili alifurahi kupita kiasi. Kwa sheria, alieleza, mtu akikataa kupokea huhesabiwa amepokea. Tumeshinda.

Mwenye nyumba hakufurahi. "Hajaisoma," alisema.

"Haidhuru, Bibi. Sheria inasema ni kama aliisoma."

"Sheria haijui kusoma uso wa mtu. Mie nilitaka aisome."

Na haikupita miezi mingi akaiharibu mwenyewe. Fundi, baada ya notisi kumalizika, alipeleka kodi ya mwezi mpya kwa mpwa wa marehemu mume wa mwenye nyumba, aliyekaa kule kule, kama alivyofanya miaka yote, na mpwa akampigia simu mwenye nyumba kumuuliza afanye nini. Akamwambia ampe risiti. Mtu ameleta chake, utakataaje bila ya adabu? Hakujua, wala mie sikujua, kwamba ukipokea kodi ya siku za baada ya notisi, sheria husema umeisamehe notisi yako, na upangaji unafufuka kama haukukatwa kamwe. Barua ya wakili safari ile ilikuwa fupi. Nilipomaliza kuisoma, mwenye nyumba alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akaenda kuzima taa ya ukumbini ambayo ilikuwa imeshazimwa.

Nikisimulia haya watu hudhani alikuwa mtu laini. Hakuwa laini. Nilimwona akimgombeza padri mlangoni kwa sababu ya viatu vyenye tope. Hakumsamehe dada yake wa Leicester maneno aliyoyasema harusini, na alipopata habari kwamba dada huyo anaumwa, alipika, akampelekea chakula kwa mkono wa mtu, na bado hakumsemesha. Alikuwa mgumu kama kifuu. Udhaifu wake ulikuwa mlangoni tu, pale ambapo mtu anasimama na vitu vyake hajui aende wapi.

Notisi ya mwisho aliitunga mwenyewe. Wanawe walikuwa wameanza kuzungumza habari ya kuuza nyumba ya Kenton, na magoti yake yalikuwa yanakataa ngazi. Aliona wakati unakwisha. Alikataa Kiingereza cha wakili. Aliandika kwa Kigujarati, kwa mkono wake, na jioni moja akanisomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, akitaka kujua kama inasikika vizuri masikioni mwa mtu.

Ilianza kwa kumsalimu. Ilimshukuru kwa kuifagia nyumba miaka yote ile na kukitunza kisima. Ikasema: mimi ni mwenye nyumba, nimezeeka, nahitaji kukaa ndani yake mwenyewe, sina nyingine. Upangaji wako utakwisha siku mwezi wako utakapokwisha, na nakupa nafasi zaidi ya ile ambayo sheria inanilazimisha. Nakuomba unikabidhi nyumba siku hiyo. Nisamehe kwa usumbufu.

"Hilo la mwisho wakili atalifuta," nilimwambia.

"Mwambie asiliguse."

Wakili aliongeza tarehe, mipaka ya nyumba na maneno mawili matatu ya mahakama. Lile la mwisho alilibakisha. Mpwa aliipeleka kwa mkono akiwa na mashahidi wawili. Fundi aliisoma amesimama barazani, akatia sahihi ya kupokea, akairudisha kalamu. Safari hii hapana risiti iliyotolewa tena. Ilibidi bado mwenye nyumba athibitishe mahakamani kwamba kweli anaihitaji nyumba kwa matumizi yake, na mambo ya mahakama yakenda mwendo wake wa konokono. Lakini notisi ilisimama. Hakimu aliikagua kila upande, akaiona haina dosari.

Mie nilikuwa nimeshahamia Woolwich, nimeolewa. Habari ya ushindi niliipata kwa simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo akafika nao, hajui autue wapi. Aliniambia anaondoka baada ya sikukuu ya Diwali, anakwenda kukaa moja kwa moja. Nilimtumia shali ya sufu kwa ajili ya alfajiri za kule. Nikajua sitamwona tena.

Nilimwona. Miaka michache baadaye mwanawe mhasibu alinipigia simu, akaniuliza kwa Kiingereza cha adabu sana kama ningeweza kuja kumtazama mama yao, kwa sababu siku hizi hazungumzi na mtu. Nyumba ya Kenton ilikuwa imeuzwa. Nilipanda treni mbili na basi mpaka kwa mwanawe huko Watford, nyumba kubwa yenye nyasi zilizokatwa vizuri mbele.

Alikuwa ameketi chumba cha nyuma, karibu na dirisha, amekuwa mdogo kuliko alivyokuwa. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akafumba macho kidogo kabla ya kuitikia.

"Nilidhani uko Porbandar, Bibi."

"Nilikaa," alisema. "Nilikaa mpaka nikaona basi."

 Mkwewe alileta chai akatoka. Ndipo akaanza kuzungumza, polepole, akipumzika katikati ya maneno. Alikuta nyumba imepakwa chokaa mpya. Fundi aliipaka mwenyewe kabla ya kukabidhi ufunguo. Kamba ya kisima ilikuwa mpya. Alipouliza, akaambiwa fundi alikwenda kwa mwanawe Rajkot, ghorofani, chumba kisicho na pa kuweka cherehani. Hakumaliza mwaka. Alifia huko, na wakamleta Porbandar kumchoma.

"Nilikuwapo," alisema. "Walimpitisha njia yetu. Walipofika mbele ya baraza wakapunguza mwendo. Hapana aliyenitazama vibaya. Hapana aliyenitazama."

"Watu wa mtaa walikulaumu?"

"Laiti wangenilaumu, ningejibu. Alikuja jirani mmoja, mwanamke wa rika langu, akasimama mlangoni. Kanambia, dada, wewe ulikuwa na haki. Nikamwambia karibu ndani, chai iko tayari. Akasema tena, ulikuwa na haki. Kisha akaenda zake. Hakuingia."

Nikamshikia kikombe, akanywa chai kidogo. Aliniambia Kigujarati chake kule kiliwachekesha watoto, maana kimejaa maneno ya Unguja ambayo yeye mwenyewe hakujua kuwa si ya Kigujarati. Aliniambia usiku alikuwa akifunga mlango kwa komeo, mlango wake, nyumba yake, hapana wa kumwambia toka, na hakupata usingizi hata kidogo. Mwisho alimpigia simu mwanawe aje kumchukua.

"Na nyumba?"

"Ipo. Imefungwa." Akafikiri. "Wakili anasema niipangishe."

Nje mwanawe alikuwa anaongea na mtu juu ya gari. Mwenye nyumba wangu aliisikiliza sauti ile kwa muda, kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikayaona macho yale yaliyokuwa yakinitazama nikisoma barua.

"Wewe ulizisoma zote," alisema. "Za mwanzo mpaka mwisho. Nambie kweli. Ile notisi ya mwisho, pana pahala nilikosea?"

Nilitamani pangekuwapo. Nilizipitia kichwani salamu zake, shukrani zake, mwezi uliokwisha siku yake, nafasi aliyoongeza kwa hiari yake, mashahidi, sahihi ya fundi, lile ombi la msamaha ambalo wakili hakulifuta.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Safari ile hukukosea kitu."

"Ndiyo," akasema. "Ndicho kinachonichosha."

Aliegemeza kichwa kwenye kiti. Baadaye akaniuliza kama soko la Woolwich lina muhogo, nikamwambia upo, unatoka mbichi siku za Jumamosi. Akaniuliza unauzwa na nani, na bei wanapatana au wanakata moja. Nikamweleza yote, habari ya wauzaji, mvua, na mwanamke mmoja wa Tanga anayepiga kelele kuliko wenzake, na nikaendelea kusimulia hata baada ya kuona amelala, kwa sababu kila niliponyamaza alikuwa anafumbua macho.